"Majani mabichi": neno moja la Zaburi ya 23 na maana yake kwetu Fizi



Siku moja ya Mungu, huko Lubondja, mwalimu wa watoto alikuwa anafundisha Zaburi ya 23. Watoto wengi waliijua kwa moyo, kwa hiyo somo lilikuwa linakwenda mbio. Alipofika mstari wa pili, mtoto mmoja wa kike, wa miaka kama tisa, akanyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, majani mabichi ni yale ambayo hayajapikwa? Sasa Bwana anatulaza humo kufanya nini?" Wenzake wakacheka. Mwalimu naye akacheka, kisha akanyamaza, maana aliona kwamba hana jibu. Tangu utoto wake amesema maneno hayo mawili, "majani mabichi", na hakuwahi kujiuliza yana maana gani.

Swali hilo si la kuchekwa. Kwa mama wa mtoto huyu, "mbichi" ni neno la jikoni. Sombe mbichi hailiwi mpaka itwangwe na kupikwa sana. Muhogo mchungu ukiliwa mbichi unadhuru, ndiyo maana tunauloweka na kuuanika. Ndizi mbichi bado haijaiva. Nyama mbichi ni ile ya buchani. Ukijua neno kutoka jikoni peke yake, "mbichi" ni upungufu: kitu ambacho bado. Na "majani" kwetu ni mengi: majani ya mti, majani ya muhogo, majani ya chai, na pia nyasi za kulisha mifugo. Mtoto aliunganisha anayoyajua akapata sufuria ya sombe ambayo haijawekwa motoni. Alifikiri sawasawa kabisa.

Tutoke sasa jikoni twende sokoni, pale Baraka, kando ya ziwa. Mama anayeuza ndagala anaita wateja: ndagala mbichi hizi, na kavu hizi. Hapo "mbichi" si upungufu tena, ni sifa. Ni samaki wa usiku wa leo, bado wana maji ya ziwa mwilini. Mahindi mabichi ndiyo matamu ya kuchoma. Fundi anasema matofali mabichi kwa yale ambayo hayajaingia tanuru, udongo wake bado una unyevu. Kuni mbichi zinatoa moshi na machozi kwa sababu maji yamo ndani yake. Kidonda kibichi ni kile ambacho bado hakijakauka. Na mzee wa miaka 70 anayepanda mlima kwenda shambani bila fimbo, watu husema: huyu bado mbichi.

Kinyume cha neno hili katika mifano hii ya pili si "-liopikwa". Kinyume chake ni "-kavu". Hapo ndipo maana ya ndani inapoonekana. Mbichi ni kile ambacho maji ya uhai bado yanatembea ndani yake. Rangi inakuja baadaye, kama alama. Jani lenye maji huwa la kijani, kwa hiyo tukasema "kijani kibichi" kwa ile rangi kali ya majani baada ya mvua. Hata neno "kijani" lenyewe limetoka kwa "jani". Ndugu zetu wa Tanzania na pwani wana neno jingine zuri la rangi hiyo, "chanikiwiti". Wengi hulisema bila kuona kwamba ni maneno mawili yaliyoshikana. "Chani" ni namna ya zamani ya pwani ya kusema jani, na "-witi" au "-biti" ni "-bichi" katika lahaja za kaskazini ya pwani. Kwa hiyo chanikiwiti ni jani bichi, tena ni lile lile.

Nimekaa kwenye jambo hili kwa sababu wengi wetu wachungaji tunasoma Biblia mbili mezani, ya Kiswahili na ya Kifaransa, na tunapotaka kuelewa zaidi tunakimbilia ya Kifaransa. Katika tafsiri ya Louis Segond, malisho ya Zaburi ya 23 yanaitwa kwa neno la rangi: ni ya kijani. Si kosa. Lakini Kiswahili cha Biblia ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, kimesema "mabichi", na mahali hapa Kiswahili kiko karibu zaidi na Kiebrania. Tusikionee haya.

Neno la Kiebrania katika mstari huo ni *deshe*. Halitaji rangi. Ni nyasi changa, laini, zinazochipuka ardhi ikipata maji. Ndilo neno la Mwanzo 1:11, pale Mungu anapoiamuru nchi itoe mimea. Liko katika 2 Samweli 23:4, katika maneno ya mwisho ya Daudi, ambapo utawala wa haki unafananishwa na nyasi zinazotoka ardhini baada ya mvua, jua likiwaka. Liko pia katika Yeremia 14:5, kwa huzuni: ukame umekuwa mkali hata paa jike anamwacha mtoto wake porini, kwa sababu *deshe* hakuna. Ukisoma mistari hiyo mitatu pamoja utaona kwamba neno hili daima linasimama karibu na maji, ama yaliyokuja ama yaliyokosekana.

Na katika nchi ile ya Daudi maji hayakuwapo mwaka mzima. Mvua huko huanza kama mwezi wa 10 na kukoma kama mwezi wa 4. Baada ya hapo vilima vya Yuda vinabadilika rangi upesi, vinakuwa vya kahawia, na mchungaji anapaswa kujua bonde gani bado lina kitu. Sisi wa Fizi tunaelewa bila kuelezwa sana. Mvua yetu ni nyingi kuliko yao, lakini kiangazi chetu, kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 9, kinaangukia katika miezi yao ile ile ya ukavu. Kondoo wa Zaburi hakulazwa katika nchi ambayo ni ya kijani siku zote. Alilazwa penye majani mabichi kwa sababu kuna mmoja aliyejua yalipo.

Marko alikumbuka jambo hili. Katika kuwalisha wale elfu tano, yeye peke yake kati ya waandishi wanne wa Injili anasema kwamba watu waliketishwa penye majani mabichi (6:39). Yohana anataja kwamba kulikuwa na nyasi nyingi, tena kwamba Pasaka ilikuwa karibu, yaani ni mwisho wa mvua, wakati nyasi ziko bora. Na mistari michache kabla, Marko amesema Yesu aliwaona watu kama kondoo wasio na mchungaji. Anayeijua Zaburi ya 23 anasikia mlio wake: mchungaji, kulazwa, majani mabichi, kushiba. Neno la Kigiriki hapo ni *khloros*. Neno hilo hilo ndilo rangi ya farasi wa nne katika Ufunuo 6:8, yule anayepandwa na Mauti, ambaye Biblia ya Muungano inamwita wa kijivujivu. Kwa Wagiriki jani changa na uso wa mtu anayekufa viliweza kupata neno moja la rangi. Luka 23:31 nako, Yesu akienda msalabani anataja mti mbichi na mti mkavu, na neno la Kigiriki pale maana yake ni mti wenye maji. Kifaransa kinasema mti wa kijani. Kiswahili kimepiga pale pale.

Mpaka hapa neno letu ni zuri tu. Lakini kuna upande wa pili, nao hauhubiriwi mara nyingi.

Kiebrania kina neno jingine, *ra'anan*, la mti uliostawi, wenye majani mengi mabichi, kivuli kizito. Linaonekana kama mara 20 katika Agano la Kale. Ungefikiri mara nyingi linasifu. Hapana. Zaidi ya nusu ya mara hizo linatumika katika lawama moja: Israeli walijenga madhabahu za miungu mingine juu ya kila kilima na chini ya kila mti wenye majani mabichi. Tazama Kumbukumbu la Torati 12:2, 1 Wafalme 14:23, 2 Wafalme 17:10, Yeremia 2:20, Ezekieli 6:13. Katika Zaburi ya 37:35 ni mtu mwovu anayefananishwa na mti wa namna hiyo, ametanda, anapendeza macho.

Kwa nini watu waliabudu pale? Kwa sababu katika nchi kavu, mti ambao ni mbichi wakati mingine imekauka unaonekana kuwa na nguvu ndani yake. Watu waliona ubichi, wakasema: hapa ndipo uhai unapotoka. Wakauinamia mti badala ya kuuliza maji yake yanatoka wapi.

Sura inayoonyesha hili vizuri kuliko zote ni Yeremia 17. Katika mstari wa 2 kuna ile miti mibichi ya madhabahu, nayo ni ushahidi wa dhambi ya Yuda. Katika mstari wa 8 kuna mtu anayemtumaini Bwana, naye ni kama mti ambao jani lake ni bichi hata mwaka wa ukame. Kiebrania ni neno moja mara zote mbili. Kiswahili nacho ni neno moja. Kwa macho, miti hiyo miwili haina tofauti. Nabii anatofautisha kwa kitu ambacho jicho halikioni: mizizi imetumwa kuelekea kwenye mto.

Sasa nirudi nyumbani, maana hapa ndipo neno hili linapouma.

Katika Fizi, kiangazi kinapoingia, nyasi za nyanda za juu zinakauka, na wenye ng'ombe huteremsha mifugo kutafuta malisho huku chini. Sekta ya Ngandja imekuwa mahali pa kufikia kwa miaka mingi. Hayo si mambo ya jana. Wazee wanakumbuka mpango wa *itulo*, kile ambacho mfugaji alitoa kwa mwenye nchi ili apite na kulisha, na ambacho kilikuwa pia alama ya kutambuana. Vita vya tangu miaka ya 1990 viliharibu mengi katika mpango huo, na wenye silaha wakajiingiza katika kukusanya na kulinda. Mwaka 2013 shirika la Life & Peace Institute lilitoa kitabu cha utafiti kuhusu kuhamisha ng'ombe na migogoro yake katika maeneo ya Fizi na Uvira. Jina lake la Kifaransa lilikuwa na maana ya "fimbo ya mchungaji iletayo ugomvi". Neno la Kifaransa walilotumia kwa fimbo ndilo lile lile la Zaburi ya 23 mstari wa 4 katika Louis Segond, fimbo ile inayofariji. Nilipoona hivyo nilifunga kitabu kwa muda.

Fikirini jambo lenyewe lilivyo, mwezi wa 7. Mahindi yameshavunwa. Maharagwe yameshatoka. Nyasi za vilima ni za kahawia na sehemu nyingine zimechomwa moto. Ni kitu gani bado kibichi? Ni muhogo, ambao unakaa ardhini mwaka mzima au zaidi. Ni bustani za mboga mabondeni. Kwa ng'ombe mwenye njaa, hayo ndiyo majani mabichi ya nchi nzima. Kwa mama wa Lubondja, hiyo ni sombe ya jioni, bugali wa miezi inayokuja, na karo ya mtoto shuleni. Ng'ombe hawezi kutofautisha. Asubuhi moja shamba limeliwa, jioni ng'ombe mmoja amekatwa kwa panga, kesho yake mtu ameuawa, na baada ya juma vijiji viko barabarani na magodoro kichwani. Wapo waliopoteza mashamba, wapo waliopoteza mifugo yote, wapo waliozika. Wako pande zote, na wengi wao ni Wakristo, wengi ni wa makanisa yetu haya haya, wanaoimba Zaburi hii hii kila mmoja kwa lugha yake.

Tena lugha yetu imetuwekea mtego mwingine. "Mchungaji" siku ya Mungu ni mtumishi, tunasimama akiingia. "Wachungaji" siku ya posho, njiani, ni wale wenye ng'ombe, na neno linasemwa kwa sauti nyingine. Nimewahi kumsikia mtu akisali, "Bwana ndiye mchungaji wangu", na saa hiyo hiyo baada ya ibada akasema chini ya mwembe, "wachungaji wamerudi", akatema mate chini. Sikumkemea. Shamba lake lilikuwa limeliwa mara mbili.

Ndiyo maana nasema swali la yule mtoto si dogo. Tukihubiri "majani mabichi" kama picha tu ya kupendeza, kama ile kalenda inayoning'inia ukutani, tunasema uongo mdogo mbele ya watu ambao wanajua bei ya jani bichi. Mkulima anasikia: Mungu atalistawisha shamba langu. Mfugaji anasikia: Mungu ananionyesha malisho. Wote wawili wanaweza kuwa wanaangalia bonde moja. Na kama ubichi peke yake ndio baraka, basi mwenye nguvu atalishika bonde na kusema Mungu amempa. Huo ndio mti mbichi wa Yeremia 17:2, hata kama tumeuimbia nyimbo za kanisa.

Zaburi yenyewe haisemi hivyo. Kondoo hamiliki malisho. Hakuna mahali anaposema majani ni yangu. Analazwa, anaongozwa, anaamshwa anaendelea, na katika mstari wa tano meza inaandaliwa adui akiwa hapo hapo anaona, wala hatuambiwi kwamba amefukuzwa kwanza. Sisemi kwamba somo hili linamaliza mgogoro wa mashamba na ng'ombe. Huo unahitaji njia za mifugo zilizokubaliwa, tarehe za kushuka na kupanda zinazojulikana, malipo ya haki kwa shamba lililoharibiwa, ng'ombe walioibwa warudishwe, na machifu na serikali wasimame bila kununuliwa. Kazi hiyo haifanywi na mahubiri. Lakini mahubiri yanaweza kuifanya iwe ngumu zaidi, na hapo sisi tunahusika.

Kuna mstari mmoja ambao ningependa walimu wa watoto wauweke karibu na Zaburi ya 23, nao ni Zaburi ya 92:14. Ni habari ya wenye haki waliozeeka. Biblia ya Muungano inatumia pale maneno mawili ambayo mkulima yeyote wa Fizi ameyashika kwa mkono: "utomvu" na "ubichi". Kiebrania ni *ra'anan* tena, neno la miti ya madhabahu, lakini sasa limeokolewa, limepewa watu waliopandwa nyumbani mwa Bwana. Utomvu ndio unaofanya ubichi. Jani linaweza kuanguka lote na mti ukabaki mzima, na jani linaweza kubaki la kijani siku mbili tatu katika tawi lililokwisha kukatwa.

Mwalimu wa Lubondja alifanya hivyo, kwa njia yake. Siku ya Mungu iliyofuata alikuja na vijiti viwili vya muhogo vya kupanda, vyote vya kahawia, bila jani hata moja. Akamwita yule mtoto mbele: "Kipi kibichi?" Mtoto akaviangalia, akavigeuza, akasema vyote ni vikavu. Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye amekwenda shambani na bibi yake misimu mingi, akasema, "Kwaruza, dada." Mtoto akakwaruza cha kwanza kwa ukucha. Ndani kulikuwa kweupe na kukavu. Akakwaruza cha pili. Chini ya ganda kulikuwa na kijani, na maziwa meupe ya muhogo yakatoka polepole yakamshika kidole.

Alikaa nacho kijiti hicho mpaka mwisho wa ibada, na mvua za mwezi wa 9 zilipoanza alikipanda nyuma ya jiko la mama yake.